Nadhiri ya Shemeji Drosos

5 Mei, Ermupoli, kisiwani Siros

Leo shemeji yangu Drosos amenivua kazi mbele ya watu wote, na sijui kama mwenyewe anajua kwamba amefanya hivyo.

Majira yote ya baridi nimekaa ndani ya tumbo la Asimina, merikebu yetu ya milingoti mitatu. Injini nimeifumua na kuifunga upya, hata mkate ninaokula una ladha ya dizeli. Asubuhi, kabla abiria hawajapanda, nahodha akatuita sitahani: mimi fundi, Pandelis msimamizi wa mabaharia, Marigo mpishi, na vijana wa matanga. Akasema, "Msimu huu injini haitaisukuma merikebu. Tutakwenda kwa tanga tu, kisiwa hadi kisiwa, mpaka tarehe kumi na tano Agosti tutie nanga Tinos. Jenereta ya taa na maji, sawa. Injini, hapana."

Nikacheka. Nilidhani ni utani. Hakuna mwingine aliyecheka.

"Shemeji," nikamwambia, "na upepo ukifa?"

"Tutangoja."

"Na ukitoka mbele?"

"Tutabisha, kushoto kisha kulia, kama walivyobisha babu zetu."

"Babu zetu walikuwa wanakufa maji. Ndiyo maana wajukuu wao wakanunua injini."

"Nahodha ni nani hapa, Yakumis?"

Basi yakaisha. Mtu mzima wa miaka hamsini na saba, fundi mwenye vyeti, kazi yangu sasa ni kuwasha taa za chooni. Marigo amenipa daftari alilotaka kuandikia mapishi. Amesema, "Andika humo, usije ukashinda jikoni kwangu unanung'unika." Haya, naandika.

7 Mei

Tumevutwa na mashua ya bandari mpaka nje ya gati, kama punda aliyegoma. Injini kimya.

9 Mei, Kithnos

Tumetia nanga nje ya ghuba, abiria wamepelekwa ufukweni kwa mashua. Ndivyo itakavyokuwa kila mahali, maana hakuna bandari itakayotuachia tuingie kwa tanga. Injini kimya.

13 Mei, karibu na Serifos

Upepo umekufa tangu asubuhi. Tulikiona kisiwa, kisiwa kikatuona, hakuna aliyemsogelea mwenzake. Abiria wakaruka majini wakaogelea, wakasema hii ndiyo likizo. Mama mmoja Mjerumani alinikuta nimekaa na mikono mapajani, akaniuliza kazi yangu ni ipi. Nikamjibu, "Mimi ni abiria kama wewe, mama, ila mimi nalipwa."

Drosos alisikia. Zamani angecheka. Siku hizi anasimama tu nyuma karibu na usukani na ndevu zake nyeupe, watu wanampiga picha. Nadhani anazipenda hizo picha. Mwanamume akishapita miaka sitini anaanza kujifananisha na babu yake.

14 Mei

Upepo umerudi. Injini kimya.

22 Mei, Milos

Nimesugua mabomba ya shaba mpaka naweza kunyolea ndevu mbele yake. Injini kimya.

2 Juni, Folegandros

Nimempigia simu dada Zambeta. Ni mke wa Drosos, na ndiye aliyenilea mimi mama alipofariki, kwa hiyo nina haki ya kumlalamikia kwa pande zote mbili. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Una nini?"

"Mafua."

"Mafua ya Juni?"

"Nilikunywa maji baridi. Mnakula huko?"

"Tunakula. Mumeo ameniweka kabatini kama sahani za wageni."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Mwache mzee na matanga yake, Yakumis. Usimchokoze mwaka huu."

"Kwa nini mwaka huu?"

"Kwa sababu nimesema."

Sikuuliza tena. Mtu aliyekuogesha ukiwa mtoto hana haja ya kukupa sababu.

16 Juni, Naxos

Tumefika tumechelewa siku nzima. Abiria kadhaa wamekosa ndege, wengine wamelia. Ofisi ya Pireo, ndio wenye merikebu, walipiga simu wakafoka mpaka Marigo akawasikia jikoni. Drosos akawaambia, "Mshtakini upepo," akakata.

Hapo mimi nikapasuka. Mbele ya mabaharia, mbele ya abiria, sikujali.

"Unajionyesha!" nikamwambia. "Dada yangu yuko Siros peke yake anakohoa, na wewe huku unacheza uharamia upigwe picha! Kama umechoka kukaa na mkeo si useme!"

Akanitazama. Akavua kofia, akaivaa tena, akatembea mpaka mbele kabisa ya merikebu na kusimama huko akitupa mgongo.

Pandelis akanishika mkono. "Fundi, umevuka mpaka."

"Mpaka gani?"

Akaenda kukunja kamba ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa.

Tangu saa ile hatusemeshani. Kahawa yake anapelekewa, yangu naifuata mwenyewe. Na nikiulizwa, niliyoyasema nitayasema tena.

24 Juni

Injini kimya. Nahodha kimya. Mimi kimya. Jenereta peke yake ndiyo inayoongea.

5 Julai, Amorgos

Meltemi imeanza, upepo wetu wa kaskazini wa kiangazi, unaovuma chini ya jua kali bila wingu hata moja. Leo tulibisha tangu alfajiri, kushoto, kulia, kushoto, abiria wakatapika mpaka wakazoeana. Lazima niseme ukweli: Drosos anajua kazi. Aliigeuza Asimina karibu na miamba kama mtu anayegeuza mkate kwenye kikaango. Sitamwambia.

Marigo alikuja kukaa nami nyuma, anachambua majani ya kepa ya kutia kwenye saladi. Akasema, "Wewe una macho ya mapambo? Nahodha hajagusa nyama wala mvinyo tangu Pasaka. Sigara ameacha. Mtu aliyevuta miaka arobaini ameacha siku moja, na wewe shemeji yake hujiulizi?"

"Labda daktari amemkataza."

"Labda," akasema, akaninyang'anya kikombe changu na kwenda zake. Naona kila mtu ndani ya merikebu hii anajua kitu ambacho mimi sikijui.

12 Julai, Siros

Hili nataka kuliandika taratibu.

Tumetia nanga nje ya Ermupoli kubadilisha abiria. Drosos alikuwa na kazi ya karatasi bandarini. Mimi nikanunua lukumi za waridi, zile peremende laini anazozipenda dada, nikapanda ngazi za mtaa wao nikihema. Mlango ulikuwa wazi. Dada alikaa jikoni anachambua maharage, amefunga kitambaa kichwani, na chini ya kitambaa hapakuwa na nywele.

Nilisimama pale na boksi langu.

"Funga mlango, nzi wanaingia," akasema.

Nikafunga.

"Kaa."

Nikakaa.

"Usilie."

Nikalia.

"Ndiyo maana sikukuambia," akasema. "Unavuja kama bomba bovu."

Ni tangu Machi. Ni ule ugonjwa ambao kwetu watu hawautaji jina. Wanasema "ule mbaya" na kutema mate kidogo begani. Dawa zimemla nywele na uzito. Mwisho wa Agosti atapasuliwa Athens, na madaktari hawaahidi kitu. Drosos alijua tangu siku ya kwanza, ila dada alimwapisha asiniambie. Nikamwambia wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Akasema wahenga hawakuwa na mdogo wao kama mimi.

"Na mumeo anakuacha hivi, anakwenda baharini?"

"Nimemfukuza mimi. Alikuwa anakaa hapo hapo ulipokaa, ananitazama kutwa kama mtu anayenipima jeneza. Nikamwambia nenda kazini kwako, binti wa jirani ananitosha. Akaenda. Lakini kwanza alikwenda Tinos."

Hapo ndipo nikaambiwa. Wiki Kuu, Drosos alipanda barabara ya kanisa la Bikira kwa magoti, kutoka bandarini mpaka juu, akaweka nadhiri: nitaileta merikebu yangu kwa tanga tupu tangu Siros mpaka chini ya kanisa lako siku ya sikukuu yako, injini isiisukume hata dhiraa moja, nawe uniachie mke wangu.

"Mimi sikumtuma," akasema dada. "Ningeombewa mimi ningechagua kitu chepesi. Mishumaa. Lakini wanaume, hata wakiomba, lazima wajitwishe gunia."

"Alikuambia nilivyomtukana kule Naxos?"

"Hapana. Ulimtukana?"

"Kidogo."

Akanitazama jicho lile la utotoni. "Basi rudi ukakae naye vizuri. Na usimwambie kwamba unajua. Ana haya."

Nimekula lukumi tatu kwa sababu alinilazimisha. Mwezi mzima nilimwita mtu yule mharamia, na yeye alinyamaza kwa sababu aliapa kwa dada yangu. Naona aibu, na sina pa kuiweka.

13 Julai

Ofisi wamepiga tena asubuhi. Wamesema wakisikia tena merikebu imechelewa watamleta nahodha mwingine. Simu niliipokea mimi.

Nikawaambia, "Injini ni mbovu. Kosa ni langu, nilifunga vibaya majira ya baridi. Vipuri nimeagiza, vitafika baada ya tarehe kumi na tano Agosti. Nahodha wenu anawaokoa kwa tanga, mshukuruni."

Wamenitukana matusi ambayo sijayasikia tangu jeshini. Injini yangu! Injini ambayo ukiigusa kwa kidole inanguruma kama paka aliyeshiba. Nilipogeuka, Drosos alikuwa mlangoni ameshika kofia.

Baadaye alishuka chumba cha injini, mahali ambapo hajakanyaga tangu Mei, akaniwekea kahawa juu ya benchi.

"Sukari ya wastani," akasema.

"Ndiyo yenyewe."

Akashika ngazi. "Zambeta amekuambia."

"Hajaniambia kitu."

"Sawa," akasema, akapanda ngazi.

20 Julai

Injini kimya, ashukuriwe anayehusika.

27 Julai, kusini ya Paros

Upepo umekufa tena. Nilijiona napiga mluzi kuuita, mimi ninayewacheka mabaharia kwa mambo hayo. Drosos akaniambia kutoka kwenye usukani, "Polepole, shemeji, usije ukauita wote." Alitabasamu, kidogo. Jioni ukaja. Injini kimya.

1 Agosti

Mfungo wa Bikira umeanza. Hakuna nyama, hakuna jibini, hakuna samaki. Nilipokaa kula maharage na mabaharia, Marigo akaweka sufuria chini.

"Wewe? Tangu lini wewe unafunga?"

"Tangu maharage yalipokuwa matamu."

"Maharage yangu ni matamu tangu hujaota mvi, mnafiki mkubwa." Lakini akaniongeza kijiko.

Siamini. Naandika wazi hapa: siamini kwamba Bikira anakaa juu kule akihesabu ni nani amewasha injini na nani hajawasha. Lakini najua kwamba nikiiwasha mimi nitaamini papo hapo.

6 Agosti

Meltemi. Injini kimya.

9 Agosti, Naxos

Meltemi kali. Meli za abiria zimezuiwa bandarini. Tumekaa kwenye nanga, minyororo inalia. Injini kimya.

11 Agosti

Bado. Dada amesema kwenye simu kwamba amekula yai zima. Drosos alirudia habari ya hilo yai kwa Pandelis, kwa Marigo, kisha akaja kunirudia mimi niliyemwambia.

12 Agosti

Upepo umepungua, tumepanda mpaka Mikonos kwa kubisha. Imebaki safari moja, fupi. Naiona Tinos kutoka hapa, na kanisa jeupe juu yake. Injini kimya.

15 Agosti, Tinos

Tuko Tinos. Nitaandika ya jana.

Tuling'oa nanga asubuhi. Abiria karibu wote walikuwa Wagiriki safari hii, wanakuja sikukuu: wazee, mama mmoja na watoto wake mapacha, bwana harusi na bibi harusi wa juzi. Upepo ulikuwa mkali lakini wa kawaida. Tulipotoka kwenye kivuli cha Mikonos ukabadilika. Ukashuka kutoka milima ya Tinos kwa ngumi, mara huku, mara huku. Drosos akapunguza matanga, akabaki na machache ya mbele na moja la nyuma. Tukabisha mara ya kwanza, sawa. Mara ya pili, sawa. Kanisa nililiona kutoka kwenye tundu langu la dirisha, madirisha yake yanang'aa juani.

Kisha nikasikia mlio kama bunduki. Tanga la mbele lilipasuka kutoka juu mpaka chini.

Bila tanga lile Asimina haigeuki. Inataka, inajaribu, inafika nusu, kisha upepo unaisukuma pua inarudi ilikotoka. Drosos akajaribu. Ikakataa. Vijana wakapanda kufunga jingine, upepo ukalinyang'anya mikononi mwao. Akajaribu tena. Nyuma yetu, upande upepo unakotupeleka, ilikuwa Rinia, kisiwa kisicho na mtu, miamba mitupu na povu. Nilipanda ngazi nusu nikatazama. Povu nililiona kwa macho yangu, na watoto mapacha wa yule mama wakilia wamefungwa majaketi ya kuokolea.

Nikashuka. Kila kitu kilikuwa tayari, maana kila siku kilikuwa tayari. Nikasimama na kidole juu ya kitufe.

Simu ya ndani ikalia.

"Yakumis. Washa."

Tangu Mei nilikuwa nalisubiri neno hilo. Nililiota. Na sasa kidole hakikushuka.

"Jaribu tena, shemeji. Mara moja tu."

"Nimejaribu. Washa."

"Lifunge lile tanga dogo..."

"Yakumis!"

"Na Zambeta?" nikapiga kelele. "Na Zambeta, Drosos?"

Nikasikia upepo kwenye simu, na Pandelis akitukana mbali. Kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa, kama anaongea nami mezani kwake, "Juu hapa nina watu, na kila mmoja ana Zambeta wake nyumbani. Washa, mdogo wangu."

Hajawahi kuniita hivyo. Dada tu ndiye huniita hivyo.

Nikabonyeza. Ikawaka mara ya kwanza, bila kusita, kama nilivyoifundisha. Sijawahi kukichukia chombo nilichokitengeneza kwa mikono yangu kama nilivyoichukia injini ile. Ilitutoa kwenye miamba, ikatuvusha mlango wa bahari, ikatuleta mpaka hapa chini ya kanisa, na njia nzima abiria walikuwa wanapiga makofi.

Leo ni sikukuu. Kengele, bendi, picha ya Bikira imetembezwa juu ya vichwa vya wagonjwa waliolala barabarani. Drosos hakushuka. Amekaa chumbani kwake, mlango wazi, anatazama ukuta. Nilishuka mimi. Sikupiga magoti, nisingeweza kuinuka. Nilipanga foleni na wanawake mpaka nikafika mbele ya picha, nikasema, "Kama una neno, uwe nalo na mimi. Kidole kilikuwa changu." Mwanamke nyuma yangu akanisukuma niharakishe.

17 Agosti

Drosos alimwambia mkewe kwa simu. Nilikuwa karibu. Alisema, "Niliwasha." Kisha akasikiliza muda mrefu. Kisha akasema tena, "Ndiyo, lakini niliwasha."

26 Agosti, Siros

Kesho kutwa wanampeleka Athens. Aliniita peke yangu, akamtuma Drosos sokoni kununua tini.

"Sikiliza vizuri, maana sitarudia," akasema. "Nikipona, hakuna neno. Nisipopona, yule mzee ataihesabu injini ile mpaka aingie kaburini. Namjua. Sasa wewe utamwambia hivi: kwamba ulikuwa umeshaiwasha zamani. Mwezi wa saba, mkitoka Amorgos, yeye kalala baada ya chakula. Upepo ulikufa, wewe ukachoka kungoja, ukaiwasha polepole, Pandelis ukamwambia ni jenereta. Kwa hiyo nadhiri ilikuwa imeshavunjika, na aliyeivunja ni wewe, si yeye."

"Dada, ataniua."

"Hatakuua. Atakuchukia."

"Na hilo ni dogo?"

"Wewe umezoea kuchukiwa, unajua kukaa nalo. Yeye hajui. Atakuchukia, lakini atalala usingizi." Akanishika shavu kwa mkono wake mkavu. "Mimi nilipomwambia amefanya vizuri hakunisikia. Hawa wa nadhiri hawasikii kitu kizuri, wanasikia kosa tu. Basi mpe kosa la mtu mwingine."

Nikaahidi. Drosos akarudi na tini, dada akamwambia ameuziwa zilizooza, na kweli zilikuwa zimeoza.

31 Agosti

Wamempasua. Tunangoja.

1 Septemba

Wamefungua, wameona, wamefunga.

8 Septemba, Santorini

Nahodha wa muda ameletwa, kijana mwenye adabu. Anatumia injini kutoka gati hadi gati. Nafanya kazi yangu.

20 Septemba

Dada Zambeta amefariki alfajiri, nyumbani kwake, Drosos akiwa amemshika miguu kwa sababu alisema miguu inamwuma kwa baridi.

22 Septemba

Tumemzika. Watu wengi. Drosos hakulia, alisalimiana na kila mtu kwa mkono. Mtu akimwambia "uishi umkumbuke", anaitikia "asante". Alipofika mbele yangu akasema, "Niliwasha, Yakumis," kana kwamba mimi sikuwapo.

Kaburi lilikuwa halijafungwa, ningeanzaje?

5 Oktoba

Nimekwenda kwake mara tatu. Anakaa jikoni, kwenye kiti cha maharage. Binti wa jirani anasema halali, anamsikia akitembea ndani kutwa kucha. Amekonda. Nilikuwa nimejiandaa, nikafungua mdomo, nikaishia kuzungumza habari za mvua.

18 Oktoba

Asimina imefungwa gatini, matanga yameshushwa. Msimu umekwisha. Sijasema bado. Naogopa, na sijui naogopa nini zaidi: anichukie, au asinichukie.

30 Oktoba, Siros

Jana tulifanya arobaini. Marigo alichemsha ngano na sukari na komamanga, kasisi akasoma, watu wakala wakaondoka. Tulibaki watatu, Marigo akiosha vyombo uani. Nikafunga mlango wa jikoni, nikasimama mbele ya Drosos.

"Shemeji, nina neno. Ulisikie mpaka mwisho kisha unifanye utakavyo."

"Sema."

Nikasema. Mwezi wa saba, tukitoka Amorgos, baada ya chakula. Upepo ulikufa. Nilichoka. Niliwasha. Nilisema yote kama nilivyofundishwa, nikitazama kitambaa cha meza, na nikamaliza, "Kwa hiyo si wewe. Ni mimi. Ilikuwa imeshavunjika kitambo."

Nikangoja kofi. Halikuja.

"Kwa muda gani?" akauliza.

"Nusu saa."

"Na abiria hawakusikia?"

"Walilala."

"Na Pandelis?"

"Nilimwambia ni jenereta."

Akaitikia kwa kichwa, polepole. Nikainua macho. Alikuwa ananitazama, na usoni mwake hakuna hasira.

"Yakumis, kutoka Amorgos upepo ulikuwa unang'oa vifungo vya mashati. Watu walikuwa wanatapika ndani ya kofia zao."

Dada alifikiria kila kitu, ila hakuwapo.

"Na mimi sikulala mchana hata siku moja msimu ule," akasema. "Nilijilaza, nikaweka sikio ubaoni. Kama ungeiwasha ningesikia kabla yako." Akasogeza kiti. "Na wewe huna akili ya kutunga hilo la jenereta. Wewe ukidanganya unasema umesahau. Huo ni uongo uliopikwa na mtu anayejua kupika."

Nikakunja ncha ya kitambaa cha meza.

"Alikupa lini?"

"Ile siku ya tini."

Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Kisha akalia kweli, kwa sauti, mikono mezani, na hakujificha. Marigo akachungulia dirishani, nikampungia mkono aondoke.

"Kwa hiyo alijua," akasema alipoweza. "Alijua niliwasha, na anakwenda kupasuliwa, na bado anakaa hapa ananipikia uongo."

"Ndiyo."

"Alisemaje? Usinipe maana yake, nipe maneno yake."

Nikampa. Nilimwambia la kuchukiwa, kwamba mimi nimezoea. Nilimwambia la kosa la mtu mwingine. Nilimwambia, "Alisema: atakuchukia, lakini atalala usingizi."

"Rudia."

Nikarudia. Akaomba tena, nikarudia tena, mpaka kichwa chake kikaanza kuinama. Akalala pale pale kwenye kiti, na viatu vyake, mdomo wazi, mchana wa saa tisa.

Marigo alitaka kumwamsha ale. Nikamwambia amwache.